Anayegawa ndiye anayeshikwa

Watu wanaogawana mafaili mtandaoni ni jamii ya ajabu. Wanapeana usiku kucha, na kukicha hakuna anayejua jina la mwenzake. Nimeishi na watu hawa miaka mingi, kwanza mtandaoni, baadaye barabarani na kwenye vikao vya kupaka rangi mabango. Neno ninaloweza kulisema bila kuyumba ni hili: kuwakusanya watu walilie tovuti iliyofungwa ni rahisi mno. Kumpata mtu wa kukaa na mwenzetu mmoja aliyeletewa barua ya wakili, hapo ndipo penye kazi.

Asiyeijua teknolojia hii aelezwe kidogo, maana kisa chote kinaanzia hapo. Bram Cohen alitoa BitTorrent mwaka 2001. Faili hukatwa vipande vidogovidogo, na kila anayepakua huwa papo hapo anawapa wengine vile vipande alivyokwisha kupata. Hakuna ghala moja kuu. Faili linabaki hai kwa sababu wapo waliokwisha kulipata lote na bado wameacha kompyuta zao zinagawa. Wapo pia wanaopata chao na kufunga mara moja, na hao kwetu husemwa vibaya kuliko hata polisi.

Sheria haiutazami ukarimu kwa jicho hilo. Ujerumani, nilikosomea, barua za madai zinazohusu torenti, yaani mafaili yanayogawanwa kwa BitTorrent, husimama hasa juu ya kosa la kuliweka faili mahali ambapo umma unaweza kulichukua. Wafuatiliaji wanaolipwa na wenye hakimiliki hujiunga na kundi kama mtu mwingine yeyote, hupokea vipande, kisha huandika anwani ya IP, yaani namba inayoutambulisha muunganisho wa intaneti, ya aliyevitoa pamoja na tarehe, saa, dakika na sekunde. Kwa hiyo aliyekaa muda mrefu akiwagawia wenzake ndiye anayenaswa kirahisi. Mchoyo ana nafuu. Nilipolielewa hili vizuri, nilianza kuyatazama maandamano yetu kwa namna nyingine kabisa.

Kabla ya hapo nilikuwa mtazamaji wa mbali, na macho yangu yalikuwa Uswidi. Tarehe 31 Mei 2006 polisi walivamia mjini Stockholm, wakabeba seva za The Pirate Bay, tovuti maarufu ya kutafutia torenti. Haikupita hata wiki moja tovuti ikawa imerudi hewani, na tarehe 3 Juni watu wakaandamana Stockholm na Göteborg. Chama cha Maharamia, chama cha siasa cha wapinzani wa sheria kali za hakimiliki, ambacho Rick Falkvinge alikianzisha tarehe 1 Januari mwaka huohuo, kikafurika wanachama wapya. Kilichonigusa katika picha za siku ile ni nyuso. Watu waliozoea kujificha nyuma ya majina ya bandia walisimama mchana kweupe mbele ya kamera, wengine na wazazi wao.

Ikaja kesi. Tarehe 17 Aprili 2009 mahakama ya Stockholm iliwahukumu watu wanne wa tovuti ile kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja, pamoja na fidia ya krona milioni 30. Rufaa ya mwaka 2010 ilipunguza vifungo kwa watatu kati yao, lakini fidia ikapanda hadi krona milioni 46. Hasira ya hukumu ile ilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la kura: Juni 2009 Chama cha Maharamia kilipata asilimia 7.1 ya kura za Uswidi katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya. Tulishangilia kama tumechukua kombe.

Mwezi huohuo wa Juni, Marekani, mama mmoja aliyeshtakiwa kwa kugawa nyimbo 24 aliambiwa na baraza la mahakama alipe dola milioni 1.92. Kiasi hicho kilikuja kupunguzwa baadaye, lakini naizungumzia siku ile ya hukumu. Wale wanne wa Stockholm walikuwa na wafuasi nje ya mahakama, fulana na nyimbo. Yule mama, katika mabango yote niliyowahi kuyaona mwaka ule, jina lake sikuliona hata mara moja. Hakuwa na tovuti. Alikuwa mtu tu.

Februari 2012 nilikuwa mwanafunzi Berlin, na safari hii sikutazama kwa mbali. Kulikuwa na mkataba wa kimataifa ulioitwa ACTA, wa kupambana na bidhaa bandia na uvunjaji wa hakimiliki, ambao mazungumzo yake rasmi yalianza mwaka 2008 na kuendeshwa kwa siri. Tarehe 26 Januari 2012 Umoja wa Ulaya na nchi wanachama 22 walitia saini mjini Tokyo. Moto uliwaka kwanza Polandi. Vijana walijaa mitaani kwenye baridi kali, na bungeni Warsaw baadhi ya wabunge wakainua barakoa za Guy Fawkes, zile ambazo wanaharakati wa mtandaoni wamezifanya alama yao, mbele ya nyuso zao. Tarehe 3 Februari Waziri Mkuu Donald Tusk akasimamisha mchakato wa kuuridhia. Maandamano ya Ulaya nzima yalipangwa Jumamosi, tarehe 11.

Kuandamana Ujerumani kuna taratibu zake. Taarifa hupelekwa kwa mamlaka saa 48 kabla ya kuwatangazia watu, na lazima awepo mtu mmoja anayeandika jina lake halisi na anwani yake kama kiongozi wa mkusanyiko. Hilo lilipotajwa kikaoni, chumba kizima kikawa kama msiba. Tulikuwa watu wa majina ya bandia, wengine hata pale mezani wakiitana kwa hayo hayo. Nani aandike la kwake la kuzaliwa? Aliyenyoosha mkono ni dada mmoja aliyekuwa akisomea ukutubi, ambaye hakuwahi kupakua filamu hata moja, na alituambia hivyo waziwazi. Alichochoka nacho ni kuwaeleza wanafunzi kila siku kwamba makala fulani ya kisayansi ipo, imelipiwa na kodi, na hawawezi kuisoma. Akaandika jina, akasaini, akauliza kama kuna jingine kwenye ajenda.

Lilikuwepo, na lilitula usiku mzima: barakoa. Sheria ya mikusanyiko ya Ujerumani inakataza kuficha uso kwenye maandamano. Vijana walizitaka kwa sababu ya Warsaw, na kwa sababu, tuseme ukweli, walikuwa wakiogopa picha zao zisifike kwa wazazi na waajiri. Wakubwa wakasema anayedai uwazi kuhusu mkataba wa siri hawezi kwenda kudai akiwa amejifunika. Mimi nilikuwa upande wa wakubwa, na bado niko huko. Tulikubaliana barakoa zivaliwe utosini au zibandikwe kwenye mabango. Siku yenyewe wengi walizivaa usoni hivyohivyo, na polisi niliowaona waliamua kutazama pembeni.

Siku moja kabla ya maandamano serikali ya Ujerumani ilitangaza kwamba kwa sasa haitatia saini. Nusu ya kundi letu walisema tumeshinda, kila mtu akalale. Mzee mmoja aliyekuwa amezeekea kwenye vyama vya wafanyakazi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Wamesema wanaahirisha. Wamekataa lini?” Hakuongeza neno, akachukua brashi akaendelea kupaka herufi zake.

Nilipewa kazi ya kusimamia utaratibu barabarani. Alama yake ni kitambaa cheupe mkononi, na sheria inataka kiandikwe neno moja tu, lile la kumtambulisha msimamizi. Mtu aliyekuwa amechora fuvu la maharamia kwenye chake aliambiwa akivue. Baridi ya wiki ile wote waliokuwa Ulaya wanaikumbuka. Gundi ya tepu haikushika kabisa, mabango yakawa yanaachana na vijiti vyake kabla hatujatoka uwanjani, na kilichotuokoa ni waya na koleo za kijana mmoja aliyekuja kwa baiskeli. Simu zilikuwa zikizima zenyewe na chaji imejaa. Kipaza sauti kilifanya kazi pale tu mwenye nacho alipokiweka ndani ya koti kwa muda.

Na humo katikati watu walikuwa wakikutana. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wenyewe. Mzee wa miaka kama sabini, kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, alinisogelea akauliza ninajulikanaje mtandaoni. Nikamtajia. Akacheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiweka rekodi za redio za zamani ambazo nilikuwa nimezipokea na kuzigawa kwa muda mrefu, na mimi siku zote nilimdhania ni kijana wa rika langu. “Kwa hiyo wewe ndiye unayeziweka hai nikilala,” akaniambia. Vipindi vile havikuwa vikiuzwa popote. Alivirekodi mwenyewe kutoka redioni kwa kanda, na anasema kama asingeviweka mtandaoni vingekufa naye. Tulitembea pamoja hadi mwisho, nikiwa kila baada ya dakika chache namwacha ili niwazuie watu kwenye njia ya tramu.

Tarehe 4 Julai 2012 Bunge la Ulaya liliukataa ACTA kwa kura 478 dhidi ya 39, na 165 hawakuegemea upande wowote. Ushindi wa namna ile sijauona tena. Kwenye kikao kilichofuata viti vilikuwa vingi kuliko watu.

Wakati huohuo wa viti vitupu ndipo ilipokuja barua. Iliandikwa kwa dada mmoja niliyesoma naye, mtu wa nyumba ya wanafunzi watano waliokuwa wakitumia waifai moja. Mkataba wa intaneti ulikuwa kwa jina lake kwa sababu tu yeye ndiye aliyefika wa kwanza na kujaza fomu. Alinipigia akiwa analia. “Kaka, njoo unisomee hii, mimi sielewi.” Kijerumani alikijua kuliko mimi.

Bahasha ilikuwa nene. Ndani mlikuwa na jina la filamu, anwani ya IP, na muda ulioandikwa hadi sekunde. Baada ya hapo kurasa nyingi za hukumu za mahakama, zote za watu walioshindwa. Mwisho karatasi mbili za kusaini: moja ya kukubali kulipa mamia ya yuro, nyingine ya kuahidi kutorudia, na kwamba akirudia atalipa maelfu. Muda aliopewa ulikuwa kama wiki moja, na nusu yake ilikuwa imeshakwisha barua ikiwa bado sandukuni.

Sasa sikiliza ilivyokuwa ndani ya ile nyumba. Watano wote walikuwa Alexanderplatz siku ya maandamano au walitaka kuwepo. Mmoja bado alikuwa na bango letu ukutani kwake. Dada yule aliweka barua mezani jikoni akauliza ni nani. Hakuna aliyejibu. Aliuliza tena kwa upole, akisema hatafuti wa kumpeleka popote, anataka tu kujua. Kimya. Sikuwahi kujua ni nani mpaka leo, na nina mtu ninayemshuku, lakini hilo halina kazi tena. Mshikamano wote wa Februari haukutosha kumfanya mtu aseme “ni mimi” mbele ya watu wanne anaokula nao.

Nimelitafakari sana jambo hili, na sidhani walikuwa watu wabaya. Barabarani unasimama dhidi ya Tokyo na Brussels, na gharama yako ni miguu kupata ganzi. Jikoni gharama ina tarakimu na jina. Sheria nayo ilikuwa imepangwa kwa namna ya kuwagawanya: Mei 2010 mahakama ya juu ya shirikisho iliamua kwamba mwenye waifai isiyolindwa vya kutosha anaweza kudaiwa aache na alipe gharama za wakili, hata kama si yeye aliyegawa. Kwa hiyo aliyenyamaza alijua mzigo una pa kuangukia.

Tulimfanyia nini? Kwanza tulimzuia asisaini karatasi waliyomletea, maana ahadi ile ingemfunga kwa miaka na miaka. Pili tulimzuia asiwapigie simu. Mtu mwenye hofu akipiga simu hujieleza, na maelezo yake huandikwa. Tatu, na hapa wengi hukosea, hatukumwambia aitupe. Mwenye kudai akiona kimya anaweza kwenda mahakamani kuomba zuio la haraka, na gharama hupanda. Mkutubi wetu alimjua wakili aliyekuwa akizishughulikia barua hizi, tukachangishana, wakili akaandika ahadi fupi kwa maneno yake mwenyewe isiyokiri kosa, ikapelekwa kabla ya muda kwisha. Fedha waliyodai hakuilipa. Barua zikaendelea kuja, kila moja kali kuliko iliyotangulia, kisha zikakoma.

Katika michango ile nilishangazwa na orodha ya waliotoa. Mzee wa redio alitoa. Mzee wa vyama vya wafanyakazi alitoa na kuuliza risiti, kwa sababu alisema mfuko bila risiti hufa mwaka wa kwanza. Wale waliokuwa na sauti kubwa kwenye kipaza sauti wengi walisambaza habari tu, wakaweka alama za hasira, wakaendelea na siku yao. Tangu hapo mfuko umebaki, pamoja na zamu ya kusoma barua za watu. Zamu yenyewe inachosha. Ni jioni na kahawa na mtu anayetetemeka, unamuuliza tarehe ya bahasha kabla ya kumuuliza jambo jingine lolote.

Kuhusu siasa za vyama nitapita haraka, maana ziliwahi kunila muda zaidi ya zilivyostahili. Septemba 2011 Maharamia wa Ujerumani walipata asilimia 8.9 katika uchaguzi wa bunge la jimbo la Berlin na viti 15; orodha yao ilikuwa na majina 15, na wote wakaingia. Mwaka 2016 wakashuka chini ya asilimia 2, wakatoka wote. Katikati kulikuwa na ugomvi wa hadharani, kila mtu akimtukana mwenzake mbele ya nchi nzima kwa jina la uwazi. Walioingia kutafuta jukwaa waliondoka na jukwaa. Sheria ya mwaka 2013 iliyowekea kikomo ada za mawakili katika barua hizi, na ile ya 2017 iliyowaondolea wenye waifai mzigo wa kulipia makosa ya wengine, zote mbili zilizaa matunda kwa watu wa jikoni kama yule dada. Nyuma yake, kwa nilivyoona, kulikuwa na miaka ya watu waliokuwa wakikusanya barua, kuzihesabu na kuzipeleka kwa wabunge mmoja mmoja.

Kuna mtu mmoja ambaye harakati yetu haikuwahi kumjibu vizuri. Ni mwanamuziki, mpiga gitaa la besi, aliyekuja kwenye kikao cha hadhara tukiwa bado tumelewa ushindi wa ACTA. Alingoja zamu yake ya kuuliza, akasimama. “Mnasema sanaa iwe huru. Mimi nalipa kodi ya nyumba kwa sanaa. Mkono mtupu haulambwi. Ninyi mnataka kuulamba mtupu.” Hivyo ndivyo ninavyoyakumbuka maneno yake kwa lugha yangu, na sina shaka kwamba methali yake ya Kijerumani ilikuwa na ukali uleule. Watu walizomea. Sikupenda kuzomewa kwake, na hoja tuliyompa ndiyo niliyoichukia zaidi: kwamba auze fulana.

Kulikuwa na jibu bora zaidi, na halikuwa geni. Ujerumani imekuwa ikitoza ada kwenye vifaa vya kurekodia tangu sheria ya hakimiliki ya mwaka 1965, ili anayenakili nyumbani asifuatwe nyumbani na msanii apate chake. Wapo waliopendekeza jambo la aina hiyo kwa intaneti: kila kaya itoe ada ndogo, kugawana kuhalalishwe, wasanii walipwe. Lilijadiliwa miaka mingi bila kupita. Lina matatizo, hasa nani apate kiasi gani na nani ahesabu, lakini angalau linakubali kwamba yule mpiga besi yupo.

Machi 2019 tulirudi barabarani, safari hii kupinga kifungu cha 13 cha sheria mpya ya hakimiliki ya Ulaya, kilichoonekana kuyasukuma majukwaa makubwa yachuje kila kinachopandishwa. Maelfu kwa maelfu waliandamana Ujerumani tarehe 23, wengi wao vijana waliokuwa watoto wakati wa ACTA. Siku tatu baadaye Bunge lilipitisha kwa kura 348 dhidi ya 274. Hata nafasi ya kukipigia kifungu kile kura peke yake ilikosekana kwa kura tano, na wabunge kadhaa walisema baadaye walibonyeza kitufe kisichokuwa chao. Wasanii wengi walikuwa upande wa pili waziwazi, na mpiga besi wetu alikuwa mmoja wao. Aliwaandikia wabunge akiwaomba wapitishe.

Mtu yuleyule ndiye anayechangia mfuko wa barua kila mwaka bila kukumbushwa. Nilimuuliza sababu. Akasema katika maisha yake yote ya muziki hajawahi kuona senti moja iliyotoka kwenye barua hizo, kwa hiyo haoni kwa nini mwanafunzi alizwe kwa jina lake. Ila aliweka sharti: kila kikao, kabla hatujafungua bahasha hata moja, tuzungumze kwanza msanii atalipwa vipi. Sharti limo kwenye ajenda, namba moja, na mara nyingi hula muda kuliko barua zote.